Mfalme wa Kura Anaweza Kukataa Nini?

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, na mwalimu wake wa historia amelipa darasa kazi ambayo laiti ningepewa mimi enzi zangu: kila mwanafunzi abuni nchi isiyokuwepo duniani, kisha aiandikie katiba isiyozidi kurasa mbili. Wenzake wengi wamebuni jamhuri zinazofanana na Kenya kama pacha, tofauti ikiwa jina la sarafu tu. Yeye ameandika ufalme. Nchi yake inaitwa Kaskazi, ina visiwa vitano, na mfalme wake hapatikani kwa kuzaliwa bali kwa kura. Aliniletea daftari lile barazani Kibokoni baada ya sala ya alasiri, muuza kahawa akiwa ameshaanza kugonganisha vikombe vyake, na kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu wanne.

Ibara ya 4 yasema: “Mfalme atachaguliwa na raia wote waliotimiza miaka 18, na atatawala kwa miaka 5.” Ya 5 yasema: “Mfalme hatajihusisha na siasa.” Ya 6: “Mfalme atatia sahihi sheria zote zitakazopitishwa na Bunge.” Pembeni kijana alikuwa amechora taji, akalipiga mkwaju wa kalamu nyekundu, akachora kilemba. Aliyeuliza swali la maana ni mzee mmoja aliyestaafu ukarani bandarini. Alisoma ibara zile mara mbili, akavua miwani, akasema: “Sasa huyu mfalme wako, yuwapigiwa kura na nchi nzima, kisha yuwaambiwa anyamaze?”

Watu walicheka, lakini swali lile limenikaa kichwani wiki nzima. Tunapozungumzia mfalme wa kuchaguliwa, fikira zetu hukimbilia kwenye namna ya kumchagua: nani agombee, nani apige kura, kura zihesabiwe vipi. Naona hayo ni ya pili. La kwanza ni kujua mfalme huyo anaweza kukataa nini, na akishakataa ni nini kitafuata. Na mambo haya mawili yamefungamana, kwa kuwa kadiri wapiga kura wanavyokuwa wengi, ndivyo inavyokuwa vigumu kumnyima aliyechaguliwa haki ya kusema hapana. Daftari limempa mfalme wa Kaskazi kura nyingi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, kisha likamfunga mdomo. Katiba ya namna hiyo imejipandia ugomvi wake yenyewe.

Kwanza niondoe dhana kwamba mfalme wa kura ni kichekesho cha darasani. Yupo mmoja hai, na nchi yake ina mamilioni ya Waislamu wenye desturi ambazo mtu wa Pwani angezitambua bila kufasiriwa. Malaysia ina watawala tisa wa kurithi, kila mmoja katika jimbo lake, na tangu uhuru wa mwaka 1957 watawala hao hukutana katika baraza lao na kumchagua mmoja wao kwa kura ya siri awe mfalme wa shirikisho zima kwa miaka 5. Zamu hufuata mpangilio unaojulikana, lakini kura hupigwa, na anayependekezwa ni lazima apate angalau kura tano. Cheo chake, Yang di-Pertuan Agong, maana yake ni karibu na “yule aliyefanywa kuwa bwana mkuu”. Hapo pana jambo la kupendeza: lugha yenyewe inakiri kwamba amefanywa, kwamba kabla ya kura hakuwa hivyo.

Kwa muda mrefu mfalme huyo alionekana kama pambo la sherehe. Halafu ikaja Februari 2020. Waziri Mkuu Mahathir Mohamad alijiuzulu tarehe 24, na hakuna aliyejua ni nani mwenye wingi katika Bunge la viti 222. Mfalme aliwaita wabunge ikulu, akawasikiliza mmoja mmoja kwa siku mbili, kisha akamteua Muhyiddin Yassin, aliyeapishwa tarehe 1 Machi. Wapo waliolalamika kwamba hesabu haikuwa sahihi. Oktoba mwaka uleule serikali hiyo hiyo ilimwomba atangaze hali ya hatari kwa sababu ya janga la korona. Mfalme alishauriana na watawala wenzake, akakataa. Miezi mitatu baadaye, Januari 2021, alikubali. Na Novemba 2022, uchaguzi ulipomalizika bila chama wala muungano wowote kupata wingi, ni yeye tena aliyemwita Anwar Ibrahim kuunda serikali.

Tuzingatie ni kitu gani hasa alichofanya. Hakutunga sheria, hakuongoza wizara, hakuamua bei ya mafuta. Alifanya kazi ya mlinda mlango siku ambayo hakuna aliyejua ufunguo uko kwa nani. Na aliweza kuifanya bila nchi kuwaka moto kwa sababu ya jinsi alivyopatikana: wapiga kura wake walikuwa watawala wenzake, hakuwa ameahidi barabara wala shule, hakuwa na chama, na kila mtu alijua kwamba miaka 5 ikiisha angerudi kwenye jimbo lake, ambako ni mtawala hata asipokuwa mfalme wa nchi. Sidai kwamba mfumo huo hauna kasoro. Watu tisa wa nasaba wanaopokezana enzi si demokrasia kwa kipimo chochote ninachokijua. Nasema tu kwamba udogo wa kura yake na udogo wa mamlaka yake vinalingana, na kulinganako huko ndiko kunakomfanya asikilizwe anapokataa.

Sasa tutazame Poland, ambako vitu hivyo viwili havikulingana kabisa. Kuanzia mwaka 1573 mfalme alichaguliwa na tabaka zima la wakabaila, maelfu kwa maelfu, waliokusanyika uwanjani karibu na Warsaw. Kabla ya kutawazwa alitakiwa kukubali masharti mazito: asijiteulie mrithi, asitoze kodi mpya wala kuingia vitani bila idhini ya bunge, alikutanishe bunge kila baada ya miaka miwili, na akivunja ahadi, raia wanaondolewa wajibu wa kumtii. Wa kwanza kuyakubali alikuwa Henri wa Ufaransa. Mwaka uliofuata, 1574, aliposikia kwamba kaka yake amefariki na enzi ya Ufaransa iko wazi, alitoroka usiku na hakurudi tena. Hebu mtu afikirie nchi inaamka asubuhi na kukuta mfalme wake amewakimbia!

Huyo alikuwa wa kwanza tu. Kwa kuwa wapiga kura walikuwa wengi na mshindi hakuwa na mengi ya kufanya akishashinda, kila uchaguzi uligeuka mnada, na wanunuzi wakubwa walikuwa wafalme wa nchi jirani. Mwaka 1764 Stanisław August Poniatowski alichaguliwa chini ya kivuli cha majeshi ya Urusi. Tarehe 3 Mei 1791 Wapolandi walipitisha katiba mpya iliyofuta uchaguzi na kurudisha urithi, lakini muda ulikuwa umeshawatupa mkono: majirani walikuwa wameshaigawa nchi mara moja mwaka 1772, wakaigawa tena 1793, na 1795 wakaimaliza. Haki yadai niseme kwamba kosa halikuwa la kura peke yake. Bunge lao lilikuwa na desturi ya ajabu iliyomwezesha mbunge mmoja, kwa sauti yake peke yake, kuvunja kikao kizima. Hata hivyo mfalme aliyechaguliwa na umati, akakosa uwezo wa kuulinda umati huo, ndiye aliyewafungulia wanunuzi mlango.

Vatican nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa ni upande wa pili wa mizani. Tarehe 8 Mei 2025 makardinali 133 walimchagua Papa Leo XIV, na kwa kura hiyo akawa mkuu wa dola ndogo ambayo sheria yake inampa mamlaka yote ya kutunga sheria, kutawala na kuhukumu, mpaka afe au ajiuzulu. Wachaguzi wachache, mamlaka kamili. Hilo linawezekana mahali ambapo raia hawakuzaliwa pale na wanakaa kwa sababu ya kazi. Kwa visiwa vitano vyenye wavuvi, watoto na madeni, halifai.

Ningependa kukaa zaidi nyumbani, maana vijana wetu hudhani kwamba mambo haya ni ya kigeni. Mapokeo ya Lamu yanasimulia jinsi makundi mawili ya mji, Zena na Suudi, yalivyoshika uongozi kwa zamu, na mkubwa wa mji akashauriana na wazee wa koo badala ya kuwaamuru. Hapa Mombasa, Tisa Taifa na Taifa Tatu, yale makundi mawili ya koo za Waswahili, zilikuwa na viongozi wao, matamimu, na liwali wa Kimazrui aliyekaa Ngomeni katika karne ya 18 hakuweza kwenda mbali bila kuwa na angalau upande mmoja nyuma yake. Na ile dola ya Oman, ambayo Sayyid Said aliitumia kuishinda Mombasa mwaka 1837, ilijengwa na babu yake Ahmad bin Said, ambaye alikuwa imamu wa kuchaguliwa. Madhehebu ya Ibadhi yanafundisha kwamba imamu huteuliwa kwa shura ya wanazuoni na wakubwa, hupewa baia, yaani kiapo cha utii, na akipotoka anaweza kuondolewa. Ahmad alichaguliwa, mwanawe naye akachaguliwa, kisha waliofuata wakaliacha jina la imamu, wakajiita masayyid na baadaye masultani, na mashauriano yakabaki ndani ya ukoo. Kura ilinyauka hivyo, pole pole, bila yeyote kuifuta. Falme za Kiarabu zimefika karibu na hapo kwa njia nyingine: katiba yao inasema watawala saba wa falme zao humchagua rais kwa miaka 5, na tangu 1971 kila aliyechaguliwa ametoka Abu Dhabi, katika ukoo mmoja.

Tena hapa Mombasa tulishaishi chini ya mfalme asiyeweza kukataa chochote. Kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, ukanda wa pwani wa maili kumi ulibaki mali ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, Waingereza wakiutawala na kumlipa kodi ya kila mwaka, na bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu mpaka 1963. Miezi minane tu baada ya mkataba ule, Khalid bin Barghash alijitawaza Zanzibar bila idhini ya Waingereza, na tarehe 27 Agosti 1896 meli zao za kivita zilimjibu kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja. Huo nao ulikuwa uchaguzi wa namna yake. Wapiga kura walikuwa baharini.

Turudi kwenye daftari, na hasa kwenye neno moja la Ibara ya 6: “atatia”. Mfalme atatia sahihi. Katika Kiswahili cha sheria kitenzi hicho hubeba amri, lakini masikioni mwa mtu wa kawaida ni habari tu ya jambo litakalotokea, kama kusema mvua itanyesha. Je, asipotia? Kijana hakuwa amelifikiria, na sishangai, kwa kuwa hata watunga katiba wakubwa huliacha. Sisi Kenya hatukuliacha. Ibara ya 115 ya Katiba ya 2010 inampa Rais siku 14 za kutia sahihi au kuurudisha mswada bungeni pamoja na sababu; Bunge likiupitisha tena vilevile kwa thuluthi mbili, ana siku 7, na zikipita bila sahihi, mswada huhesabika kuwa umetiwa sahihi. Malaysia nayo ilirekebisha katiba yake mwaka 1994: siku 30 zikipita bila idhini ya mfalme, mswada unakuwa sheria kana kwamba ameukubali. Kalenda imepewa kazi ambayo hakuna mwanadamu anayetaka kuifanya, ya kumlazimisha mfalme.

Gharama ya kuliacha wazi waliilipa jirani zetu wa Uganda. Oktoba 1963 Bunge lao lilimchagua Kabaka Mutesa II wa Buganda kuwa Rais wa kwanza, kwa miaka 5, na William Wilberforce Nadiope, Kyabazinga, yaani mtawala wa jadi, wa Busoga, akawa makamu wake. Urais ule ulikuwa wa heshima. Mwenye serikali alikuwa Waziri Mkuu Milton Obote. Wakati ule mpango ulionekana wa busara: mfalme apewe kiti cha juu, mwanasiasa apewe kazi. Kisha Novemba 1964 ikafanyika kura ya maoni katika wilaya za Buyaga na Bugangaizi, ambazo Waingereza walikuwa wamewanyang’anya Bunyoro na kuwapa Buganda, na wakazi wakaamua kurudi Bunyoro. Sheria ya kuzihamisha ilihitaji sahihi ya Rais. Rais alikuwa Kabaka, na ardhi inayokatwa ilikuwa ya Kabaka. Alikataa. Obote akatia sahihi yeye mwenyewe, na tangu siku hiyo wawili hao hawakuwa na la kuzungumza. Februari 1966 katiba ilisimamishwa na Mutesa akaondolewa urais. Tarehe 24 Mei jeshi lilishambulia jumba lake Mengo, akakimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ikazifuta falme zote.

Wengi husimulia kisa hicho kama ugomvi wa watu wawili wenye kiburi, na kiburi kilikuwepo. Lakini waziri mpole na mfalme mnyenyekevu wangefika wapi wakiwa na karatasi ileile mbele yao? Mtu mmoja alikuwa amepewa kura mbili: ya Bunge iliyomtaka awe wa nchi nzima, na ile ya nasaba na koo za Buganda iliyomtaka asiachie hata shamba moja. Fahali wawili hawakai zizi moja, na Mutesa alikuwa na fahali hao ndani ya joho moja.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu kwamba mfalme wa Kaskazi ana njia mbili. Kama anataka kura ya raia wote, basi ampe kazi ya kweli na amwite rais, hata akivaa kilemba, kwa sababu aliyepigiwa kura na mvuvi wa kisiwa cha mbali ataulizwa na mvuvi huyo kuhusu bei ya samaki, na hawezi kumjibu kwamba yeye hajihusishi na siasa. Kama anataka mfalme wa kutuliza nchi, basi achaguliwe na wachache wanaojulikana, tuseme wazee watano kutoka kila kisiwa, na awe na mambo machache sana anayoweza kuyakataa. Kumwita waziri mkuu pale Bunge lisipokuwa na wingi ulio wazi. Kukataa Bunge kuvunjwa na waziri mkuu anayekimbia kura ya kutokuwa na imani. Kuurudisha mswada mara moja, kwa maandishi, sababu zake zikisomwa hadharani. Zaidi ya hapo naogopa. Hali ya hatari nisingempa peke yake hata kidogo.

Na muhula uwe mmoja usiorudiwa. Mfalme anayetazamia kuchaguliwa tena huanza kuhesabu wachaguzi wake miaka miwili kabla, na siku anapotakiwa kumkatalia waziri mkuu atakuwa anapima kwanza waziri huyo ana binamu wangapi katika baraza la wazee. Kuondolewa kwake kuwe mikononi mwa walewale waliomchagua, lakini baada ya mahakama kusikiliza shauri. Malaysia inaliruhusu baraza la watawala kumwondoa mfalme, na ingawa Sultan Muhammad V aliondoka kwa kujiuzulu, Januari 2019, kujiuzulu ni kwepesi zaidi pale ambapo mlango wa kutokea unajulikana uko wapi. Busoga walipofiwa na Kyabazinga wao mwaka 2008, mzozo juu ya nani amechaguliwa kihalali ulikokota mpaka 2014. Kaskazi yetu haina hata mstari mmoja kuhusu siku mfalme atakapokufa.

Kijana alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: “Mjomba, sasa wananchi wenyewe wapige kura ya nini?” Nikamjibu, ya Bunge, ambako ndiko pesa ziliko. Hakuridhika. Mzee wa bandarini akaingilia kati na kuuliza kuhusu Ibara ya 7, ambayo nilikuwa nimeiruka: “Siwa itapigwa kila Mfalme anapotoa tangazo.” Siwa, ile baragumu kuu ya enzi ambayo mifano yake miwili, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba, imo katika makumbusho ya Lamu. Mzee alitaka kujua siwa ya Kaskazi inawekwa na nani. Kijana akasema na mfalme, bila shaka. “Basi atapiga atakapo,” mzee akasema, “na watu watakuja.”

Nikiri kwamba hoja hiyo ilinipita mimi niliyekuwa nikizungumza saa nzima. Mfalme asiye na jeshi wala hazina bado ana uwezo wa kuwaita watu wakusanyike, na katika nchi iliyompigia kura uwezo huo unatosha kumtisha waziri mkuu yeyote. Kijana akafuta, akaandika kwamba siwa itawekwa na Spika, na itapigwa kwa ombi la Mfalme. Ibara ya 6 akaiongezea siku 30. Ibara ya 4, ile ya kura ya raia wote, amekataa kuigusa. Anasema watu wa Kaskazi hawatakubali kunyang’anywa kitu walichokwisha kupewa, na ninashindwa kumpinga kwa sababu nchi ni yake. Daftari linatakiwa shuleni Jumatatu. Nilipolitazama mara ya mwisho, ibara zote zilikuwa zimepitiwa upya kwa wino isipokuwa hiyo, ambayo bado ilikuwa kwa penseli.